Kwani Kuna Mchango Mwingine?

Daftari lilikuwa jipya, jalada la buluu, na juu ya ukurasa wa kwanza mweka hazina alikwisha kuandika kwa herufi kubwa: MCHANGO WA HIARI – UJENZI WA MATUNDU SITA YA CHOO. Rula hakuna, kwa hiyo alikuwa akipiga mistari kwa ubapa wa panga, na kila safu akaipa jina lake: Na., Jina, Ahadi, Taslimu, Baki, Saini. Tulikuwa barazani Mikindani, Mtwara, vijana tisa, kibubu kimoja cha mbao, mimi mgeni wao, na bibi mwenye nyumba aliyekuwa akisuka ukili pembeni kana kwamba hayamhusu.

"Mmeandika nini hapo juu, mjukuu wangu?"

Mweka hazina akamsomea. Bibi akachomeka ukindu mpya, akavuta, akakaza.

"Mchango wa hiari. Kwani kuna mchango mwingine?"

Vijana wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu upo, na nimeuonja. Nilipokuwa darasa la tano nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa mchango: mara ya kwanza wa mlinzi, mara ya pili wa ukarabati wa madawati ambayo hatukuyaona yakikarabatiwa. Shule yenyewe siitaji, maana hadithi hiyo kila aliyesoma miaka ile anayo yake. Mwalimu hakutumia neno "ada" wala "faini". Alisema "mchango", na kiboko kilikuwa mezani.

Lugha ina kawaida ya kuyaotesha maneno mkia pale dunia inapoyabana. Zamani kuku alikuwa kuku tu; walipoingia wa kisasa ndipo wa bibi akaitwa kuku wa kienyeji. Simu ilikuwa simu, hadi za mkononi zikaisukuma ile ya zamani kuwa simu ya mezani. Mchango nao ulipoanza kudaiwa kwa orodha na kwa mgambo, ule wa asili ukalazimika kujitambulisha: mimi ni wa hiari. Mchango wa hiari ndio kuku wa kienyeji wa lugha ya fedha. Na kama kuku wa kienyeji wa mjini, si kila anayeuzwa kwa jina hilo amefugwa kienyeji.

Serikali yenyewe ilijikwaa hapo. Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza, wazazi wengi walielewa kwamba michango nayo imekwisha. Haikuisha, ilibadili mavazi. Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango katika shule za umma, na siku zilizofuata zikawa za ufafanuzi juu ya ufafanuzi: anayetaka kuchangia kwa hiari yake achangie, ila mwalimu asiishike fedha hiyo. Kwa mpenda maneno, huo ulikuwa msimu mnono. Taifa zima lilikuwa likijadili sarufi bila kujua: je, nomino "mchango" bado ina utashi ndani yake, au utashi huo sasa lazima uletwe na kivumishi?

Turudi kwenye kitenzi, maana ndiko kwenye utamu. Kuchanga ni kutoa chako ukakiweka pamoja na cha mwenzako. Ni kitenzi kidogo, hakina makuu. Lakini kivishe viambishi uone. Kuchangisha kunamleta mtu wa tatu: yupo anayepita nyumba kwa nyumba na daftari, na hapo tayari uhuru umepungua kidogo, kwa kuwa kumkatalia mtu aliyesimama mlangoni kunahitaji moyo mgumu. Kuchangishana kunarudisha usawa, leo wewe kesho mimi. Changizo ni neno la kwenye ratiba, linanukia turubai na viti vya plastiki. Na vijana wale, nilipowauliza fedha za kibubu zimetoka wapi, hawakutumia hata moja kati ya hayo. "Tumejichanga," walisema.

Nalipenda neno hilo kuliko yote ya ukoo wake. Kile kiambishi -ji- kinamfuta mchangishaji. Hakuna anayetembea na daftari, hakuna mgeni rasmi, hakuna anayesomwa jina. Watu wamejitazama wenyewe, wakaingiza mikono mifukoni.

Kuchangia, kwa upande wake, ni kitenzi chenye sura mbili, na sijui kama kuna kingine kinachoweza kuwatatiza wajifunzao kama hiki. Unachangia damu, unachangia mada, unachangia ujenzi: hapo unatoa. Lakini wapangaji wanachangia choo, jirani wawili wanachangia kisima, na mabango ya UKIMWI yalituonya kwa miaka tusichangie sindano wala nyembe: hapo unatumia pamoja na mwenzio. Kitenzi hichohicho kinaokoa maisha hospitalini na kuyahatarisha kichochoroni. Miaka ya 1990 sera ya kuchangia gharama za matibabu ilipokuja, wapo waliodhani serikali itachangia. Kisarufi hawakukosea.

Ukitaka kuona sura zote mbili kwa mpigo, nenda Msimbati, hukohuko Mtwara. Pale eneo la bahari hadi mdomo wa mto limehifadhiwa tangu mwaka 2000, kilomita za mraba 650 za maji, matumbawe, visiwa na mikoko, na jina lake ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Maingilio! Aliyelichagua neno hilo namtunuku kikombe cha kahawa. Halisemi nani anamwingilia nani. Maji kupwa, mto unaingia baharini. Maji kujaa, bahari inapanda mtoni, na mikandaa na misinzi inasimama katikati ikinywa kwa wote wawili. Maji ya chumvi na maji baridi yanachangia njia moja. Yanatoa au yanatumia? Yote.

Halafu kuna mchango wa tumboni. Ukitoka stendi ya Mtwara, au stendi yoyote nchini, utakuta kibao cha mganga kimepigiliwa kwenye mwembe: anatibu chango, ngiri, mchango wa uzazi. Sidai kwamba maumivu ya tumbo na michango ya harusi vina shina moja. Nasema tu kwamba yeyote aliyewahi kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi asubuhi ya tarehe 20, mshahara umekwisha na jina lake linatakiwa kwenye orodha ya ahadi, anaujua ugonjwa huo bila kupelekwa kwa mganga.

Mababu walikuwa na maneno mengine. Kamusi za zamani zina "bia", kwa maana ya kushirikiana gharama: watu walikula bia, kila mmoja ametia chake chunguni. Neno hilo limekufa kifo cha ajabu, limekanyagwa na chupa. Mwambie kijana wa leo "tule bia" atakurekebisha kitenzi. "Kikoa" kimebaki kwa wazee wa pwani, mlo wa zamu ambapo leo mnakula kwangu na kesho kwako. "Upatu" ulikuwa kwanza sinia la shaba linalogongwa ngomani, na sijapata maelezo ya kuniridhisha jinsi lilivyohamia kwenye fedha za zamu, ingawa wanawake wa Mtwara wanaendelea "kucheza" upatu, kitenzi cha ngoma kikiwa hai ndani ya hesabu. Upatu nao umepata doa: sakata la DECI la mwaka 2009, watu walipopanda "mbegu" wakingoja kuvuna mara dufu, liliacha neno hilo likisomwa mahakamani.

Kutoka nje tulipokea harambee. Ulikuwa mwito wa wabebaji na mabaharia, wa kuvuta kwa pamoja, hadi Jomo Kenyatta alipoufanya mwito wa taifa mwaka 1963, ukaishia kwenye nembo ya Kenya. Huko umejenga shule na zahanati nyingi, na pia umelea tabia ya mwanasiasa kuja na bahasha nene na kamera nyuma yake. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuibana tabia hiyo, haikubanika. Julai 2024, vijana wa Kenya walipokuwa barabarani wakiandamana, Rais William Ruto alitangaza kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki harambee. Ni jambo la kutafakari: mwito uliokuwa wa kuvuta kamba moja, na miaka 60 baadaye vijana ndio wanaovuta upande mwingine.

Sisi huku Tanzania tumelichukua neno bila kamba. Harambee ya kwetu ni tukio: turubai, mgeni rasmi, mshereheshaji anayepaza sauti "laki tano kutoka kwa mheshimiwa!", na ahadi. Ahadi ndilo neno la kuchunga. Kwenye daftari lolote la michango safu ya Ahadi hujaa kama bandari msimu wa korosho, na safu ya Taslimu hukaa kama bandari hiyohiyo mwezi wa tano.

Siku hizi vijana wa mijini wamehamia kwenye hisani. Matembezi ya hisani, mbio za hisani, chakula cha hisani. Neno zuri, limetoka kwenye ihsani ya Kiarabu, kutenda wema kwa ukamilifu wake. Tatizo langu si asili yake, ni jirani zake. Kwenye televisheni "kwa hisani ya" maana yake ni tangazo la mdhamini. Wakopeshaji wa nje waliitwa nchi wahisani, kisha wakaona haya, wakajiita washirika wa maendeleo. Kwa hiyo fulana ya "mbio za hisani" ikipita mbele ya baraza la Mikindani, mzee anasoma mambo matatu: wema, tangazo na deni. Yeye mwenyewe, akitoa mfuko wa saruji kwa choo cha shule, haiiti hisani. Anaiita sadaka, na akiwa na elimu kidogo ya dini ataongeza "jariya", ile inayoendelea kumwandikia thawabu kaburini kila mtoto anapofungua bomba. Istilahi yenye uhakika wa malipo namna hiyo huwezi kuipiku kwa fulana.

Lipo moja ambalo Mtwara siwezi kulisikia bila kutabasamu: "kurudisha kwa jamii". Kampuni ikitoa madawati, ofisa wake husema wamekuja kurudisha kwa jamii. Najua lilikotafsiriwa na najua nia yake. Lakini Kiswahili ni Kiswahili: anayerudisha ni yule aliyechukua. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013 mji huu uliwaka moto juu ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na watu walikufa. Sema "kurudisha" mbele ya hadhira hiyo uone nyuso. Mtafsiri hakukusudia, ila sentensi yake ilisema kweli kuliko hotuba.

Dola nalo limejifunza kuazima maneno ya baraza. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, iliitwa ya mshikamano. Kushikamana ni kitenzi cha watu wawili walioamua. Kutoza ni cha mmoja aliyeamua. Mkulima wa korosho huku hahitaji kuelezwa, maana yeye ana "makato". Korosho zake zikiuzwa mnadani kupitia stakabadhi ghalani, bei anayoisikia redioni si ile inayofika mkononi. Katikati kuna mjengeko wa bei, na ndani ya mjengeko mna makato yenye majina ya heshima, mengine ya maendeleo ya jamii. Anachangia, ndiyo. Ila amechangia kama mti unavyochangia kuni. Asipotaka kungoja, yupo mlanguzi wa kangomba, anayenunua mapema kwa kipimo chake mwenyewe, na hapo ile methali ya haba na haba inabadilika mwenendo: kibaba kinajaa, lakini si cha mkulima.

Hata "kikundi" kimenunuliwa. Sheria ya mwaka 2018 ilizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini vijana wa baraza letu walipopita mtaani kujitambulisha kama kikundi, nyumba tatu za kwanza waliulizwa swali moja: "Mmeshapata mkopo?" Na walipoeleza kwamba ni mradi wa choo cha shule, mzee mmoja aliguna. Mradi! Neno lililotoka kwenye murad, kusudio la moyo, leo likisikika watu wanatafuta posho. Na mdogo wake "ilimradi" amekuwa jina la kazi iliyolipuliwa. Kati ya mradi na ilimradi kuna silabi mbili tu na fundi mmoja mlevi.

Sasa niseme walichokifanya vijana hao, kwa sababu hicho hakina jina na ndicho kilichonipeleka Mikindani. Fedha zao hazikutoka kwenye posho wala kwenye bahasha. Jumamosi tatu mfululizo walikwenda kufyeka chini ya mikorosho ya watu, kusafisha kabla ya msimu, wakalipwa kibarua, na malipo yote yakaingia kibubuni. Nikawaambia kuna watu wamelipa jina jambo hilo. Huko Ufini, nchi iliyokuwa na miradi ya maji Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970, wanafunzi wana desturi iitwayo taksvärkki, iliyoanza mwaka 1967: siku moja hawaendi shule, wanafanya kazi ya kulipwa, na mshahara wa siku hiyo unakwenda kwa vijana wa nchi nyingine. Wanorwe walikuwa wametangulia mwaka 1964. Kinachonifurahisha ni neno lenyewe. Limetoka kwenye Kiswidi, na zamani lilimaanisha siku ambazo mpangaji wa shamba alilazimika kumfanyia kazi bwana mwenye ardhi. Shuruti iliyogeuka hiari! Mchango umesafiri njia hiyohiyo, ila umeshika upande wa kurudi.

"Sisi tungeiitaje?" akauliza mmoja, kijana mwenye kovu la panga mguuni, lililokuwa bado bichi.

Nikasema tunalo neno, wamelitumia wenyewe sasa hivi. Kibarua. Barua ndogo: kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku, apate kulipwa. Kikaratasi kikampa jina mtu, mtu akaipa jina kazi, na leo "kibarua kimeota nyasi" maana yake umefukuzwa. Siku ya kibarua, basi. Hawakuonekana kushawishika. Mwingine akasema kibarua ni cha shida, huwezi kukiandika kwenye bango. Huenda ana haki. Istilahi haipandwi na mgeni wa siku mbili.

Kibubu kilifunguliwa alasiri. Sanduku la mbao lisilo na mlango, tundu moja juu la kupitisha noti iliyokunjwa mara nne. Liliitwa kibubu kwa kuwa ni bubu, linameza na halisemi. Mwenye kovu aliliweka kati ya magoti, akaingiza ncha ya panga kwenye ungio, akagonga kisigino cha panga kwa jiwe mara tatu. Ubao ukaachia kwa mlio. Sarafu za mia mbili na jero zilitoka kwanza, zikakimbilia ngazini, mtoto akazifuata. Noti zilikuwa zimegeuka vipande vigumu vidogovidogo, buku nyingi, na msimbazi mmoja tu mwekundu ambao hakuna aliyekiri kuutia. Walihesabu mara mbili: 147,200. Mweka hazina akaandika, kisha akainua kalamu kuanza majina ya mtaani.

Bibi akauweka ukili chini. "Niandike mimi kwanza."

"Shilingi ngapi, bibi?"

"Pesa sina mpaka korosho. Mchanga ninao. Shambani kwangu kule nyuma upo mchanga mzuri, si huu wa pwani wa chumvi. Chukueni hata matoroli ishirini."

Mweka hazina akaitazama safu ya Ahadi, akaitazama Taslimu. Mchanga haukuwa ahadi, ulikuwepo. Wala haukuwa taslimu. Akaomba panga, akapiga mstari mwingine ubavuni mwa ukurasa, mahali palipokuwa pamebaki wembamba wa vidole viwili, akaandika kichwa cha safu: MCHANGA. Kisha akarudi juu, akafuta "wa hiari" kwa mistari miwili, na kwa kuwa wino wa kalamu ile ulikuwa mzito, ukatoboa hadi ukurasa wa pili.